Jinsi ya Kuzuru Mandera Bila Kujifanya Mvumbuzi

Kwanza kabisa, iache nyumbani ile kofia ya kaki yenye ukingo mpana, pamoja na kizibao chenye mifuko hadi mgongoni. Huendi kutafuta chanzo cha Mto Naili. Unakwenda Mandera, makao makuu ya kaunti, mji wenye benki, hospitali, shule, misikiti, maduka ya simu, na vijana wanaobishana kuhusu Arsenal kana kwamba kocha ni mjomba wao. Ukishuka kwenye ndege umevaa kama mtu anayekwenda kuwinda simba, watoto watakucheka, na watakuwa na haki.

Pili, lifute kichwani swali la "Kule kuna nini?" Nimeulizwa swali hilo na watu waliosoma, wenye pasipoti zilizojaa mihuri ya Dubai na Bangkok, watu wanaoweza kukutajia mahekalu ya Thailand moja baada ya jingine lakini wanaodhani Kenya inaishia Mwingi. Kule Kaskazini Mashariki kuna mto unaotenganisha nchi mbili, kuna visima vilivyochimbwa na mababu wasiojulikana majina, kuna paa ambaye duniani hana pa kujivunia isipokuwa nchi hii, na kuna watu wanaojua kumpokea mgeni.

Kwa kuwa Thailand imetajwa, tuanze nayo. Wasafiri wa dunia nzima humiminika mkoa wa Chiang Rai, kaskazini mwa nchi hiyo, ili wasimame mahali Mto Ruak unapoingia Mekong, Thailand, Laos na Myanmar zikitazamana. Asubuhi hupitia Wat Rong Khun, hekalu jeupe la msanii Chalermchai Kositpipat lililofunguliwa kwa wageni mwaka 1997, kisha jioni hupanda boti wakapiga picha mpakani. Eneo hilo lilikuwa kitovu cha afyuni, lenye wanamgambo na magendo, na hakuna mzazi aliyempeleka mwanawe huko kwa likizo. Kilichoanza kulibadilisha hakikuwa matangazo ya utalii. Mradi wa Doi Tung, ulioanza mwaka 1988, uliwapa wakulima wa milimani kahawa na makadamia badala ya afyuni. Wenyeji walipata riziki kwanza, na watalii wakaikuta imeshatangulia.

Mandera nayo ni nchi tatu zinazotazamana. Ng'ambo moja ni Bula Hawa ya Somalia, ng'ambo nyingine ni Ethiopia, na Mto Daua unapita ukienda kukutana na Genale karibu na Dolo, ambapo Mto Juba huzaliwa. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Mogadishu iko karibu zaidi na Mandera kuliko Nairobi. Basi yaweke hayo akilini, kisha ufunge mkoba.

Kabla ya kukata tiketi

Soma historia kidogo, maana wenyeji wataijua kuliko wewe na hawatapenda kukufundisha kila kitu. Wakoloni waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Mandera ilikuwa ndani yake, kuwa eneo lililofungwa mwaka 1926, na bila pasi maalum mtu hakuingia wala kutoka. Uhuru ulipokuja, vita vya shifta vilikuja nao, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi mwaka 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza maeneo yenye ardhi na mvua za kurudisha faida haraka. Kaskazini Mashariki haikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo ukimsikia mzee akivuka daraja la Garissa kuelekea Nairobi akisema anakwenda Kenya, usimsahihishe. Mwulize alivyohangaika kupata kitambulisho, kisha nyamaza umsikilize.

Sasa la usalama, na hapa hakuna mzaha. Yapo maeneo ya mpaka na barabara ambazo hufai kuziingia, na msitu wa Boni ni mojawapo ya sehemu za kuziacha kabisa. Kuna nyakati za amri ya kutotoka nje usiku, na kuna vipande vya njia ambapo mabasi husindikizwa na polisi. Uliza ofisi ya usalama ya kaunti, uliza chifu, uliza wenye mabasi ya Eastleigh, halafu uliza tena siku ya kuondoka. Ukiambiwa leo njia haifai, basi leo haifai. Wageni wa Mandera wengi hupanda ndege kutoka uwanja wa Wilson, na kwa safari ya kwanza ningekushauri hivyo hivyo.

Lakini usiibebe hofu yako kama zawadi ya kumpa kila unayekutana naye. Aliyeteseka zaidi kwa mashambulizi ni mkazi. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na mji mzima ulizika furaha yake mwaka huo. Desemba ya mwaka huo huo, wanamgambo walilisimamisha basi karibu na El Wak wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa ndani ya basi hilo, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote, iliyosimulia kisa hicho, ilifika hadi kwenye uteuzi wa tuzo za Oscar mwaka 2018. Mtu anayekwenda Mandera bila kulijua jina la Salah Farah hajajiandaa, hata kama amenunua viatu vya bei kali.

Garissa: anzia hapa kama una haraka

Nairobi hadi Garissa ni lami, kilomita mia tatu na zaidi kupitia Thika na Mwingi. Utajua umefika ukiona Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na korongo wakubwa wenye vipara wamesimama juu ya miti ya mjini kama wenye nyumba. Usiwatupie chakula. Wanajitegemea.

Kilomita chache kusini mwa mji kuna hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, ambayo jamii yenyewe iliitenga. Twiga wa huku ni wale wenye mabaka makubwa yaliyochorwa kwa mistari myeupe iliyonyooka, na utawaona wakitembea kati ya migunga huku mbuzi wa watu wakipita chini yao. Shuka garini pale unaporuhusiwa, nyamaza, angalia. Mwaka 2021 ukame ulipobana, picha ya mizoga ya twiga sita huko Sabuli, Wajir, ilizunguka dunia nzima. Watu waliiona wakahuzunika, wakageuza ukurasa. Kumwona twiga akiwa hai, karibu na watu ambao wamekubali kugawana naye nyasi na maji, ni jambo jingine kabisa, na ndilo ninalotaka ulione.

Kisha shuka kusini hadi Ijara, kwa ruhusa na mwenyeji, uende hifadhi ya jamii ya Ishaqbini. Huko anaishi hirola. Ni paa wa rangi ya mchanga, mwenye pembe zilizopinda, na mstari mweupe unaopita kipajini kutoka jicho moja hadi la pili utadhani amevaa miwani. Chini ya kila jicho ana tezi nyeusi, hivyo ukimtazama ana kwa ana unahisi macho manne yanakuangalia, na yote yanakuuliza umechelewa wapi. Waliobaki porini hawafiki 500. Miaka ya sitini na tena mwaka 1996 wengine walihamishiwa Tsavo Mashariki ili wasipotee wote kwa mpigo, lakini kwao ni hapa. Mwaka 2012 Ishaqbini ilijenga uzio wa kuwakinga na simba na mbwa mwitu, na humo wamezaliana. Mtafiti Abdullahi Ali, mtoto wa Garissa, amejitolea miaka mingi kurudisha nyasi walizokuwa wakila. Ukitaka kusimama mbele ya kiumbe adimu kuliko hekalu lolote, hapo ndipo.

Wajir: usipite tu

Madereva wengi hupita Wajir wakiitazama saa. Wewe simama. Mji wote umekaa juu ya mwamba wa chokaa, na visima vyake vimechimbwa humo humo, vingine tangu zamani za Madanle, watu wakubwa wa miili ambao masimulizi ya wenyeji yanawapa kazi ya kuvichimba. Kama ni majitu au si majitu, maji yapo, na ngamia hawajali hoja hiyo.

Wajir ilikuwa pia na klabu ya maofisa wa Kiingereza iliyojiita Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua, mamia ya kilomita kutoka baharini. Nakuomba ucheke, ni haki yako. Halafu ukimaliza kucheka uulize kwa nini maofisa hao walikuwa na muda wa kuunda klabu ya mashua lakini si wa kujenga shule, na swali hilo utembee nalo hadi Makumbusho ya Wajir.

Kuna sehemu moja ambayo huendi na kamera mbele. Kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa wakafungiwa juani kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa na vikosi vya serikali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika tukio hilo, na Wajir kuna mnara wa ukumbusho. Nenda na mwenyeji. Soma dua au omba kwa imani yako. Usijipige picha.

El Wak, kwa wanaopenda vita vya zamani

Mwenye kupita Accra, Ghana, atakuta uwanja unaoitwa El-Wak. Waghana wengi wanaujua kwa gwaride na mpira. Jina lilitoka hapa, mpakani mwa Mandera na Somalia, ambako tarehe 16 Desemba 1940 askari wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, waliwashambulia Waitaliano na kuwashinda. Waafrika Magharibi walirudi nyumbani na jina la kisima cha Wakenya wakalipa uwanja wao. Sisi tunalipita ndani ya basi tukisinzia. Ukifika El Wak, amka. Tazama mifugo inavyonyweshwa visimani: mchota maji yuko chini, mwenzake anapokea ndoo, wa tatu anamimina kwenye hori, na ngamia wamepangwa nyuma kwa zamu ambazo kila mtu anazijua bila kuandikwa. Ukitaka kusaidia, omba kwanza. Watakupa ndoo. Baada ya muda mfupi mgongo utakufundisha heshima.

Mandera yenyewe

Hapa chukua muda. Alfajiri ndiyo saa yake, kabla jua halijakaza, kwa sababu Mandera ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi Kenya na saa saba mchana mtu mwenye akili yuko kivulini. Nenda kando ya Daua na mkulima, wala si peke yako. Ukitoka kwenye vumbi na mikokoteni ya punda iliyobeba mitungi ya maji, ghafla unaingia kwenye kijani: migomba, miembe, mipapai, vitunguu vilivyopandwa kwa mistari, mabomba ya maji yakinguruma. Mikoma imesimama ukingoni. Upande wa pili ni Ethiopia, na mkulima wa kule anaamkiana na wa huku kwa lugha moja.

Daua si mto wa kuuamini. Maji yake hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na wakati wa jilaal, kati ya Januari na Machi, huweza kukauka hadi watu wakachimba mchanga kutafuta maji. Mvua za gu zikinyesha Aprili, au za deyr mwezi Oktoba na Novemba, mto hujaa na kubeba mashamba, kama ilivyotokea mwaka 1997 na tena 2023. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuja ni baada ya gu, nyasi zikiwa zimeota, ngamia wakiwa na maziwa, na watu wakiwa na moyo wa kupiga soga. Usivuke mpaka. Usiulize kama unaweza kuvuka "kidogo tu". Usirushe droni, na usielekeze kamera kwenye kambi, kizuizi wala askari.

Kuhusu mahali patakatifu: mahekalu yenye joka la dhahabu hutayakuta. Utakuta misikiti, na adhana ya alfajiri itakuamsha hata ulipie gesti ya bei gani. Ukitaka kuingia na wewe si Mwislamu, omba ruhusa, vua viatu, jisitiri, na usikatize mbele ya anayeswali. Lakini mimi ningekupeleka kwanza kwenye duksi, yaani chuo cha Kurani, chini ya mti. Watoto wamekaa mchangani, kila mmoja na ubao wake wa mti mapajani. Wino ni mkaa uliosagwa na kuchanganywa na maji na ulimbo, kalamu ni kijiti kilichochongwa. Mtoto anaandika aya, anaisoma kwa sauti, wenzake wanasoma zao kwa sauti ya juu zaidi, na mwalimu anamsikia kila mmoja, sijui kwa sikio gani, na kumrekebisha aliyekosea kwa kumwita jina. Akishahifadhi, anaosha ubao na kuanza aya nyingine. Maarifa ya Kaskazini Mashariki yamepitia hapo kwa karne nyingi, serikali ikiwepo na isipokuwepo. Kaa nyuma kabisa. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga moja, kisha uweke simu mfukoni.

Adabu za mgeni si nyingi. Anza na salamu, salamu ya kweli, yenye kuulizia nyumba, mifugo na mvua. Mwanamume mtu mzima mwite adeer, mama mtu mzima mwite eeddo, na usinyooshe mkono kwa mtu wa jinsia nyingine mpaka yeye aanze. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Na ukiwa sokoni au kwenye boma, chunga ulimi. Nimewahi kumsikia mgeni akimwuliza mzee:

"Adeer, hawa ngamia ni wangapi?"

"Ni wa Mungu."

"Lakini ni kama mia hivi?"

"Kunywa chai, mwanangu."

Hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa utakayopewa baada ya kosa kama hilo. Mali ya mtu haihesabiwi na mgeni, kama vile wewe usingependa mtu akuulize salio la benki mbele ya watoto wako.

Chakula kinahitaji tumbo lililo tayari. Asubuhi anjera na chai ya maziwa, tamu kupita kiasi, na huombi ipunguzwe sukari siku ya kwanza. Mchana wali wa nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi hiyo huili baada ya chakula. Unaikata kipande kwa kipande na kuila pamoja na wali, na ukishazoea utaona wenzako wa Nairobi wanapoteza nini. Ukipewa nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, jua kwamba umepewa akiba ya familia. Maziwa ya ngamia nakuomba uyanywe taratibu. Chombo chake hufukizwa kwa kaa la mti maalum kabla ya kukamuliwa, na ule moshi hubaki ndani ya maziwa. Funda la kwanza linakushtua, la pili unaanza kuelewa, la tatu unanyoosha kikombe mwenyewe. Mwenye tumbo jepesi asizidishe la tatu.

Pesa zako zikae hapa hapa. Lala kwenye gesti ya mji, panda tuktuk ya kijana wa mji, nunua mkeka kwa mwanamke aliyeusuka, mlipe mwongozaji wako bei mliyopatana bila kumkata shilingi mia mbili mwishoni kwa sababu eti umezoea kubishana bei Gikomba.

Magharibi mwa mji, mwendo mrefu kupitia Rhamu, mto unapoingia kati ya vilima, kuna Hifadhi ya Taifa ya Malka Mari. Ilitangazwa mwaka 1989. Ina mamba mtoni, mikoma, na wanyama wa nchi kavu ambao ukame na bunduki vimewapunguza. Hutakuta msururu wa magari ya watalii, wala sikushauri uende bila idhini na walinzi. Ninachowaomba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na serikali ya kaunti ni hiki: kabla hamjachora hoteli hata moja, kaeni na jamii za Banissa na Rhamu, muwaajiri vijana wao kuwa walinzi na waongozaji, na mgao wa mapato uandikwe mapema mbele ya wazee. Ishaqbini ilianza mwaka 2007 kwa jamii kutenga ardhi yake yenyewe, na hirola bado wapo.